Jozi moja ya mlimani na ya lami: jibu kwa msomaji anayejiandaa kupanda Wagagai

Swali: Ninaishi Kampala na ninafanya kazi ofisini katikati ya jiji. Kila siku natembea kutoka kituo cha teksi hadi kazini na kurudi, karibu nusu saa kila upande, na mara mbili au tatu kwa mwaka nasafiri kwa basi kwenda Nairobi au Kigali. Mwezi Desemba mimi na wenzangu tutapanda Mlima Elgon hadi kilele cha Wagagai kwa siku 4, tukianzia Budadiri. Nina shilingi 300,000 za viatu, wala sina uwezo wa kununua jozi mbili. Rafiki yangu ananiambia nitafute raba za kukimbilia milimani. Mjomba wangu, ambaye alikuwa mwanajeshi, anasema mlima haupandwi bila buti. Nimsikilize nani, na nikifika sokoni nitazame nini?

Jibu: Dada msomaji, rafiki yako amekushauri vizuri. Mjomba wako naye hakusema ovyo, ila ushauri wake unatoka katika kazi ambayo wewe huendi kuifanya, na ni vyema umweleze hivyo kwa heshima kabla ya kwenda sokoni, ili asidhani umempuuza.

Mwanajeshi hutembea akiwa na mzigo wa kilo 20 au zaidi mgongoni, mara nyingi usiku, mahali asipoona anachokikanyaga. Mzigo wa namna hiyo hukandamiza sponji laini ya raba mpaka ikalala upande mmoja, na hapo mguu huanza kuyumba. Ndiyo maana buti lenye soli ngumu isiyopinda kwa urahisi linamfaa. Ninyi mtakapoondoka Budadiri mtakuwa na wapagazi wa kubeba mahema na chakula, na begi lako litakuwa na maji, koti la mvua, sweta na vitafunio, jumla yake kilo 5 au 6. Kwa mzigo huo buti zito litakuchosha bure. Tafiti za matumizi ya nguvu za mwili zimeonyesha kwamba uzito uliofungwa mguuni humchosha mtembeaji takriban mara 5 kuliko uzito huohuo akiubeba mgongoni. Buti moja la mlimani lina gramu 500 hadi 700, na raba moja ya kukimbilia njia za milimani ina gramu 250 hadi 350. Tofauti ya jozi nzima ikiwa gramu 600, ni kama kuongeza kilo 3 ndani ya begi lako na kuzipandisha nazo hadi mita 4,321, kilipo kilele cha Wagagai.

Watu wengi huogopa kuteguka kifundo cha mguu, na nadhani hiyo ndiyo hofu halisi ya mjomba. Kola ndefu ya buti hukinga mfupa wa kifundo usigongwe na mawe, na huzuia changarawe kuingia, lakini hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kola peke yake huzuia mguu usiteguke. Kinachozuia zaidi ni misuli iliyozoea ardhi isiyo sawa, soli pana isiyoinuka sana kutoka ardhini, na macho yanayotazama njia. Mwaka 1955 mwanamke wa Kimarekani aitwaye Emma Gatewood, mwenye umri wa miaka 67, alitembea njia yote ya Milima ya Appalachia, zaidi ya kilomita 3,200, akiwa na raba za turubai za kawaida. Simtaji ili nawe uende na viatu duni, kwani yeye alichakaza jozi kadhaa njiani. Namtaja kwa sababu mjomba wako anaweza kuamini zaidi mfano wa mtu mzima aliyefanya jambo lenyewe kuliko maelezo yangu.

Sasa tuje kwenye viatu vyenyewe, na hapa naomba uniruhusu nikuelekeze kinyume cha watu wengi wanavyofikiri. Mtu anayejiandaa kupanda mlima huchagua kiatu kwa kuufikiria mlima tu. Wewe utakuwa Elgon siku 4. Siku nyingine zote za mwaka kiatu hichohicho kitakuwa juu ya lami, zege, vigae vya ofisini, sakafu ya basi na kipande cha udongo mwekundu kati ya nyumba na barabara. Kiatu kilichotengenezwa kwa ajili ya tope kali peke yake kitaisha Kampala kabla hujafika Mbale, mji ulio chini ya Elgon. Kwa hiyo chagua kiatu cha siku zako nyingi ambacho kinaweza kuumudu mlima.

Jambo la kwanza linaloamua hilo ni meno ya soli. Geuza kiatu utazame chini: raba za barabarani zina soli karibu bapa, na raba za milimani zina meno ya mpira yanayochomoza. Yale ya kukimbilia kwenye tope na majani mabichi, kama Salomon Speedcross ambayo utaikuta mara kwa mara kwenye mitumba, yana urefu wa milimita 5 au zaidi, na yametawanyika ili tope lidondoke. Ni mazuri sana kwenye mteremko wa udongo uliolowa. Kwenye lami hali hubadilika, kwa sababu uzito wako wote unabebwa na ncha chache za mpira laini, ambazo hulika haraka na kona zake kukatika, na ukitembea nusu saa utahisi kana kwamba unakanyaga kokoto. Kwako wewe tafuta meno ya milimita 3 hadi 4. Si lazima uwe na rula. Meno yanayokaribia unene wa sarafu mbili zilizopangwa pamoja yanatosha.

Urefu wa meno lakini ni nusu tu ya habari, na nafasi iliyopo kati ya jino na jino ndiyo inayosahaulika. Njia ya Sasa, mtakayoipanda kutoka Budadiri, ndiyo fupi na yenye mwinuko mkali kuliko njia nyingine za Elgon upande wa Uganda. Inapita kwenye mashamba ya kahawa na migomba, kisha majabali ya Mudangi, kisha msitu na mianzi. Udongo wa chini huko ni mfinyanzi uliotokana na volkano ya kale, na ukilowa unanata kama unga wa ugali uliokolea. Meno yaliyosongamana huujaza udongo huo katikati yake, na baada ya hatua 20 huna meno tena: unatembea juu ya soli laini ya tope. Chagua soli ambayo kidole chako cha mwisho kinaweza kupita kati ya meno ya pembezoni, hata kama yale ya katikati yamekaribiana zaidi. Muundo huo, wa meno ya kati yaliyosongana na ya pembeni yaliyoachana, ndio unaovumilia lami na tope kwa pamoja.

Juu ya mpira huo kuna sponji, na sponji ndiyo inayobeba gharama kubwa ya kiatu ingawa haionekani sana. Raba nyingi za kukimbilia hutumia sponji iitwayo EVA, nyepesi na yenye kurudi haraka baada ya kukandamizwa. Uhai wake huhesabiwa kwa umbali, na kwa kawaida ni kati ya kilomita 500 na 800, kutegemea uzito wa mtu na ardhi. Baada ya hapo hubaki na umbo lakini hupoteza mnepo. Baadhi ya raba za milimani zina bamba jembamba la plastiki ndani ya soli, mbele, la kukinga unyayo usichomwe na mawe makali. Ukilipata ni jema, kwa sababu juu ya mita 3,500, kutoka kambi ya Mude Cave kuendelea, mtatembea saa nyingi juu ya mawe. Usipolipata, sponji nene kiasi cha milimita 25 chini ya kisigino itakutosha.

Kuna kipimo kingine ambacho wauzaji hawakielezi, nacho ni tofauti ya kimo kati ya kisigino na vidole ndani ya kiatu. Kampuni ya Altra hutengeneza raba zisizo na tofauti yoyote. Nyingine zina milimita 4, 8, hata 11. Wewe uliyezoea viatu vya ofisini vyenye kisigino, kano ya nyuma ya mguu wako imezoea kuwa fupi kidogo, na ukihamia ghafla kwenye kiatu bapa kabisa kisha ukapanda mwinuko wa siku nzima, misuli ya shavu la mguu itakuuma vibaya na kano inaweza kujeruhiwa. Milimita 6 hadi 10 ni salama kwako kwa sasa. Namba hii haijaandikwa kwenye kiatu chenyewe, lakini ukiwa na jina la toleo unaweza kuitafuta kwenye simu hapohapo sokoni.

Yote niliyoyasema hadi hapa hayana thamani kama kiatu hakikai vizuri mguuni. Nimewaona watu wakitupa pesa nyingi kwa kiatu kilichosifiwa na kila mtu, kisha wakashuka mlima kwa kurudi kinyumenyume kwa sababu kucha zilikuwa zimeanza kung'oka. Kushuka ndiko kunakoumiza: kila hatua mguu husukumwa mbele, na kama hakuna nafasi, vidole hugonga ncha ya kiatu mara elfu kadhaa kwa siku. Pima mguu wako jioni, baada ya kutoka kazini, kwa kuwa mguu huvimba mchana na utavimba zaidi mlimani. Simama juu ya karatasi kwa uzito wako wote, chora mstari nyuma ya kisigino na mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe kidole gumba, kisha pima kwa sentimita. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili na uchukue kipimo cha mguu mkubwa.

Nasisitiza sentimita kwa sababu namba za viatu si za kuaminika. Namba 40 ya kampuni moja huweza kutofautiana na namba 40 ya nyingine kwa nusu sentimita au zaidi, na ukiwa unanunua mitumba utakutana na namba za Ulaya, za Uingereza na za Marekani kwenye rundo moja. Tazama kibandiko kilicho ndani ya ulimi wa kiatu. Mara nyingi kina kipimo cha sentimita kilichoandikwa CM au JP. Ikiwa mguu wako ni sentimita 24.5, anza kujaribu kiatu cha 25 na cha 25.5. Vaa soksi utakazozivaa mlimani, funga kamba, simama, na uhakikishe kuwa mbele ya kidole kirefu pamebaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kisigino kisipande na kushuka unapotembea. Katikati pabane kwa upole. Vidole viweze kutanuka.

Hapo kwenye vidole nina la kuongeza kwa wanawake. Matoleo mengi ya kike hutengenezwa yakiwa membamba, na miguu yetu wengi tuliokua tukivaa ndara, au tukitembea peku utotoni, ni mipana upande wa mbele. Usione haya kujaribu toleo la kiume la kipimo chako cha sentimita. Kiatu hakijui nani anakivaa, na rangi za kiume, ambazo aghalabu ni nyeusi, kijivu na kijani kilichokolea, ndizo zitakazokufaa ofisini na zitakazoficha udongo mwekundu. Jiepushe tu na madoadoa ya kijeshi, hata yakiwa sehemu ndogo ya kiatu, kwa sababu sheria ya Uganda inamkataza raia kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi, na hutaki kujieleza kwenye kizuizi cha barabarani ukiwa safarini.

Swali ambalo hukuliuliza, lakini muuzaji atakuuliza, ni kama unataka kiatu kisichoingiza maji. Atakuonyesha nembo ya Gore-Tex, yaani utando mwembamba usiopitisha maji, au nyingine inayofanana nayo, na atataka nyongeza ya bei. Kwa matumizi yako, mimi ningekataa. Utando huo ndani ya kitambaa huzuia maji ya nje na kuruhusu kiasi fulani cha mvuke wa jasho kutoka, na kwenye baridi kavu au umande wa asubuhi hufanya kazi nzuri. Lakini kiatu kifupi kina mdomo mpana juu, na mvua ya Elgon huteremka kwenye suruali na soksi na kuingia kwa kupitia hapo. Ikishaingia, utando uleule unaozuia maji kuingia unayazuia kutoka. Kiatu cha kitambaa cha wavu hulowa mara moja, lakini maji hutoka kwa kila hatua, na ukipata jua la saa chache kinakauka. Kampala, kwenye joto la mchana, utando huo utaipika miguu yako ndani ya ofisi. Jambo pekee la kuangalia kwenye wavu ni ukubwa wa matundu: vumbi letu jekundu ni laini mno, huingia kwenye wavu mpana na kuisaga soksi na ngozi pamoja. Chagua wavu uliosokotwa kwa karibu, wenye kinga ya mpira mbele ya vidole na ukanda imara unaozunguka chini.

Kwa shilingi 300,000 huenda usipate jozi mpya halisi ya kampuni kubwa, na ukipewa jozi mpya ya jina kubwa kwa bei ndogo mno, shuku kwanza. Kwa hiyo utakwenda Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, kwenye safu za mitumba ya viatu, na hapa ndipo ninapokuomba uwe na subira kuliko mahali pengine popote. Nilipokuwa kijana nilinunua mitumbani buti la mlimani lililoonekana jipya kabisa. Meno yote yalikuwepo, ngozi inang'aa, hata kamba hazikuwa zimechafuka. Siku ya pili juu ya Elgon, tulipokwisha kupita mianzi, soli ya kulia ilibanduka yote kwa pamoja, na ya kushoto ikafuata kabla ya jua kutua. Sponji ya ndani ilikuwa imegeuka unga wa njano. Nilishuka mlima nikiwa na gambuti niliyoazimwa na mpagazi mmoja, kubwa kuliko mguu wangu kwa namba 2, na tangu siku hiyo sijamwacha mtu aende mlimani na kiatu cha mitumba bila kukikagua mwenyewe.

Kilichotokea kina maelezo yake. Mabuti mengi, na baadhi ya raba, hutumia sponji ya poliuretani badala ya EVA. Poliuretani ni imara kwa miaka kadhaa, lakini unyevu wa hewa huivunja polepole kutoka ndani, na huvunjika hata kama kiatu kimekaa kabatini bila kuvaliwa. Kwa kweli kiatu kilichohifadhiwa miaka 10 kwenye boksi huwa hatari kuliko kilichovaliwa kila wiki, kwa sababu kinaonekana kipya. EVA haivunjiki hivyo, bali huwa ngumu na kusinyaa, na gundi inayoishikilia kwenye mpira huzeeka. Ndiyo sababu nyingine ya mimi kukuelekeza kwenye raba za kukimbilia badala ya buti la mitumba.

Ukishika kiatu mkononi, kwanza bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba kwa nguvu. Inapaswa kubonyea na kurudi. Ikiwa ngumu kama ubao imekufa, na ikibaki na shimo au ikitoa unga, kirudishe kwenye rundo. Kisha kunja sehemu ya mbele ukitazama mahali soli inapokutana na kitambaa: mstari wowote unaofunguka hapo utafunguka zaidi mlimani. Kisokote kama unayekamua nguo; raba nzuri ya mlimani hukataa kidogo, na isiyokataa kabisa ni ya barabarani au imechoka. Weka viatu vyote viwili juu ya meza au sakafu bapa, uvitazame kwa nyuma ukiwa umeinama. Vikiegemea ndani au nje, aliyevivaa kabla yako ameacha mwendo wake ndani ya sponji, na mwendo huo utaingia kwenye magoti yako. Toa kitambaa cha ndani, kile unachokikanyaga, uangalie chini yake, kwa kuwa wauzaji huviosha viatu kwa ustadi mkubwa, wengine huvipaka rangi na kupitisha gundi upya, lakini ni wachache wanaoshughulika na sehemu hiyo. Mwisho tafuta tarehe ya kutengenezwa kwenye kibandiko cha ulimi, ambayo baadhi ya kampuni huichapa kwa tarakimu ndogo. Zaidi ya miaka 6 au 7, mimi siendi nacho mlimani.

Utakutana pia na raba nene sana za mashindano ya barabarani, zenye bamba la kaboni ndani, na muuzaji anaweza kukuambia ndizo wanazovaa mabingwa. Ni kweli kwamba mlima mtakaoupanda ndio mlima wa wakimbiaji wetu. Stephen Kiprotich, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei, aliyeshinda mita 10,000 Paris mwaka 2024, wote ni watu wa Kapchorwa, upande wa kaskazini wa Elgon hiyohiyo. Lakini kiatu cha mashindano kimetengenezwa kwa saa chache za kukimbia kwenye lami iliyonyooka. Kwenye mawe kinayumba, na sponji yake laini haivumilii kutembea kwa kila siku.

Ukishanunua, tenga shilingi 20,000 au 30,000 za soksi 2 au 3 za sufu au za nailoni, kwa maana soksi za pamba hushika maji na ndizo zinazoleta malengelenge. Mpelekee fundi viatu kiatu chako hata kama ni kizima, umwombe akishone kwa uzi wa nailoni pale mbele soli inapopanda juu ya vidole. Ni kazi ya dakika chache, na mafundi wetu wa kando ya barabara wanaifanya vizuri kuliko mashine. Kwenye bodaboda weka mguu mbali na bomba la moshi, kwa kuwa sponji ya EVA huyeyuka kwa joto dogo tu. Kwa sababu hiyohiyo usikaushe viatu kando ya moto kambini, jambo ambalo kila mtu aliyelowa hutamani kulifanya: sponji husinyaa, gundi hulegea, na asubuhi kiatu kinakuwa kidogo kuliko mguu. Toa kitambaa cha ndani, jaza magazeti, ubadilishe magazeti kabla ya kulala. Beba ndara nyepesi za kuvaa kambini, ambazo pia zitakufaa kwenye bafu za nyumba za wageni unaposafiri kwenda Kigali.

Kuna mahali ambapo sitakuruhusu uende na jozi hii. Ukivutiwa na milima baada ya Desemba, na ninatumaini utavutiwa, watu watakwambia habari za Rwenzori. Huko mabonde ya Bujuku ni tope la kufika magotini, na waongozaji wenyewe huvaa gambuti kwa siku nyingi za safari. Nawe utavaa gambuti. Anayekwenda hadi kilele cha Margherita, mita 5,109, hupita kwenye barafu, na miiba ya chuma ya kukanyagia barafu hufungwa kwenye buti gumu peke yake, ambalo huweza kukodishwa kwa kampuni za waongozaji. Msitu wa Bwindi ni jambo jingine. Raba zako zitafaa, mradi uingize suruali ndani ya soksi ndefu kwa ajili ya siafu na mimea inayowasha.

Naomba pia uwatazame miguuni wapagazi mtakaoongozana nao. Nyanda za juu zenye udongo wa volkano, ukiwemo ukanda wa Elgon, zina ugonjwa wa kuvimba miguu uitwao podokoniosi, unaowapata watu waliokanyaga udongo huo peku kwa miaka mingi, na unaozuilika kwa viatu na kunawa miguu tu. Wewe kwa siku 4 huna la kuogopa. Lakini ukiwa na viatu vizima nyumbani ambavyo huvivai, au wenzako wakiwa navyo, vibebeni na muviache Budadiri.

Nunua viatu mwanzoni mwa Oktoba, usisubiri wiki ya safari. Vivae kazini kila siku ukiwa na begi lako, wakati mvua za Oktoba na Novemba zikiwa zinanyesha, ili ujue namna soli inavyoshika kwenye tope la kweli. Jumamosi moja vaa soksi za mlimani, tumia lile tundu la juu kabisa la kamba ambalo watu huliacha wazi, ukikaza kifundoni ili kisigino kisitoke mahali pake, kisha panda kilima cha Nakasero na uteremke kwa mwendo wa haraka mara 5 au 6. Kidole kikigusa mbele hata mara moja wakati wa kuteremka, kiatu ni kidogo, na hakitatanuka. Kiuze, urudi Owino siku zikiwa bado zipo.